Safu ya Lugha: Fuko au mfuko?

Hapa mtaani Kinanira, kwa joto hili la Ziwa Tanganyika, hata shuka huwa mzigo. Ila anayepanda Mlima Heha, wenye zaidi ya mita 2,600, akalala huko juu, atataka kitu ambacho Kiswahili bado kinakisitia jina: wapo wanaosema mfuko wa kulalia, wapo wa begi, wapo wa fuko. Mfuko ni wa sarafu na funguo. Fuko ni mfuko mkubwa, nalo humtosha mtu mzima mpaka kichwani. Kasoro yake ni kwamba ukilitaja tu, mzigo huja akilini na mabega huanza kuuma. Basi, ili lisikulemee, angalia kilichojazwa ndani. Manyoya ya bata hutia joto jingi kwa uzito mdogo, lakini yakilowa hayafai kitu. Kwenye ukungu wa msitu wa Kibira afadhali nyuzi za viwandani, japo ni nzito kidogo. Kwa jina, mimi nashika "fuko la kulalia". Na lebo yake mara nyingi huwa na nyuzijoto mbili, za kulala kwa raha na za kikomo. Ukienda kununua, ulizia za raha.