Mizizi, Masanduku na Wafamasia wa Pwani ya Ruvuma

Katika habari za pwani ya kusini, waandishi wamezoea kutaja pembe, sandarusi, ufuta na msiba wa biashara ya watumwa iliyopitia bandari ya Mikindani. Ni mara chache dawa kutajwa. Walakini dawa nayo ni bidhaa ya kale katika nchi hizo: ilitoka ikiwa mizizi, ikarudi ikiwa vidonge. Kilichoadimika kwa muda mrefu si dawa peke yake, bali mjuzi wake, mtu aliyesomea tabia ya dawa akakaa karibu na wagonjwa. Kwa hiyo historia ya elimu ya ufamasia katika upande wa Mtwara haianzi na chuo kikuu. Inaanza na swali la zamani zaidi, nalo ni hili: dawa isafiripo, ujuzi wake hubaki kwa nani?

Mfano wa kwanza ni kalumba. Huu ni mmea utambaao juu ya miti katika misitu ya nchi zilizo kusini mwa Afrika Mashariki, hasa Msumbiji. Mizizi yake minene huchimbwa, hukatwa vipande vya mviringo, kisha huanikwa kivulini. Ni michungu mno, na uchungu huo ndio uliotafutwa, maana ulisifiwa kwa maradhi ya tumbo na kwa kurudisha hamu ya chakula. Katika karne ya 19 kalumba ilikuwa imekwisha kuandikwa katika vitabu rasmi vya dawa vya Ulaya. Lakini kwa muda mrefu wanunuzi wa huko walidhani kwamba inatoka Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, kwa sababu tu majina yalishabihiana. Hivyo mzizi ukapata heshima katika maduka ya London, na waganga wa pwani walioutambua kwanza wakasahauliwa hata nchi yao.

Mfano wa pili ni sanduku. Mwezi wa Machi 1866 David Livingstone, aliyekuwa tabibu kabla ya kuwa msafiri, aliwasili kwenye mlango wa Ruvuma kutoka Unguja. Mikoko na matope vilimzuia kuteremsha wanyama wake, basi akaelekea kaskazini, akashukia Mikindani. Kwa homa alizoea kutumia vidonge alivyovibuni mwenyewe, vyenye kwinini, rubarbi, utomvu wa jalapa, na chumvi ya zebaki iitwayo kalomeli. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wawili wa msafara wake walitoroka na mzigo uliokuwa na dawa zote. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba aliona kana kwamba amekwisha kuhukumiwa kufa. Aliishi miaka sita zaidi, akiandamwa na maradhi, hata akafariki mwaka 1873. Hapo mjuzi alikuwapo, na dawa haikuwapo.

Baada yake wamisionari walifungua vituo katika bara ya Mtwara: Waanglikana huko Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini huko Ndanda mwaka 1906. Matibabu yalikuwa sehemu ya kazi yao. Serikali ya Kiingereza nayo, kuanzia miaka ya 1920, ilifundisha madresa wa vijijini, waliopewa dawa chache na mafunzo ya muda mfupi. Mwaka 1935 alifika Lulindi daktari Leader Stirling, ambaye alifanya kazi kusini kwa miaka mingi, akafundisha wauguzi, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Katika hospitali za namna hii aliyegawa dawa mara nyingi ni yule yule aliyefunga vidonda na kupokea wazazi. Kazi yake ilistahili sifa kubwa. Hata hivyo, elimu ya dawa ilikuwa bado kijakazi wa kazi nyingine.

Baada ya Uhuru, skuli ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, lakini Mtanganyika aliyetaka shahada ya famasia bado ilimlazimu kwenda ng'ambo. Mwaka 1974 ndipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kufundisha fani hiyo huko Muhimbili. Mwaka huo huo kilianzishwa hapo kitengo cha uchunguzi wa dawa za asili. Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyodhaniwa. Kwa mara ya kwanza nchini, mjuzi wa kidonge na mchunguzi wa mzizi waliwekwa katika ua mmoja, na mtoto wa pwani aliweza kusoma kwa kemia mmea ambao bibi yake aliujua kwa jina na kwa ladha.

Masomo ya shahada hiyo huchukua miaka minne, na baada yake huja mwaka wa utarajali. Mwanafunzi hujifunza kemia ya dawa, utengenezaji wake, mimea ya tiba, namna dawa itendavyo mwilini, vipimo, hifadhi na sheria. Kisha huandikishwa na Baraza la Famasi. Asiyeijua kazi hii huweza kudhani kuwa yote hayo ni ili mtu asimame dirishani na kuhesabu vidonge. Mambo ya kusini yaonyesha vingine.

Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark, zahanati za vijijini zilianza kupelekewa masanduku ya dawa muhimu yaliyofungwa tayari. Mpango huo uliokoa watu wengi, kwani kabla yake rafu nyingi zilikuwa tupu. Lakini sanduku la mlimani na la pwani lilikuwa na vitu sawasawa. Palipo na homa nyingi dawa ya homa iliisha kabla ya mwezi kuisha, na mahali pengine dawa zilikaa hata zikapitwa na wakati. Sasa ilikuwa kinyume cha msiba wa Livingstone: dawa ilikuwapo, na mjuzi wa kukadiria haja ya mahali hakuwapo. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria mwaka 1993, na baadaye vituo vikaanza kuagiza vyenyewe vilivyohitaji. Kuagiza kwahitaji hesabu, na hesabu yahitaji mtu aliyesoma.

Kadhalika dawa za malaria hazikudumu. Klorokwini, iliyotegemewa kwa miongo mingi, ilishindwa na vimelea, ikaachwa mwaka 2001. Iliyoshika nafasi yake nayo ilidhoofika upesi, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Mama wa Msimbati aliyezoea tembe nyeupe alitakiwa, ndani ya miaka michache, kubadili mazoea mara mbili, na dozi ya mseto humezwa kwa siku tatu hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Asipopata wa kumweleza, huacha vidonge vilivyosalia. Ndiyo sababu mwaka 2003, katika mkoa wa Ruvuma, yalianzishwa Maduka ya Dawa Muhimu, ambayo wauzaji wake hufundishwa kwanza. Maduka hayo yalienea mikoani, lakini mwenye duka hawezi kuwa badala ya mfamasia. Humhitaji awe msimamizi na mwalimu wake.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika iliweza kuikata kusini na nchi nyingine kwa nchi kavu. Daraja limefupisha safari ya kwenda. Safari ya kurudi haitegemei daraja. Kijana aliyehitimu mjini huona maduka makubwa, viwanda na mishahara, na zahanati ya ukingoni mwa mikoko humwita kwa sauti ndogo. Kalumba iliondoka pwani bila kurudi na jina la kwao. Wafamasia waliozaliwa Mikindani, Msimbati na Newala wakienda kwa namna hiyo hiyo, chuo kitakuwa kimepata wanafunzi, na pwani itakuwa imetoa mzizi mwingine.