Nani Anakula Bando Yako Ukiwa Umelala? Historia Fupi ya Programu za Nyuma ya Pazia

Wasee wa Kanamkemer, na nyinyi wengine wote wenye mko na laptopu nyumbani, kuanzia hapa Lodwar mpaka Kakuma, leo tuongee kuhusu wageni wenye hamjawahi kuwaalika.

Unanunua bando ya giga moja. Unafungua barua pepe moja, unajibu, unafunga. Hujaangalia video yoyote, hujapakua kitu. Baada ya muda mfupi unapata ujumbe: bando imeisha. Unaanza kulaumu kampuni ya simu. Na hapo mezani feni ya laptopu inanguruma kama jenereta ya harusi, ilhali wewe hata kibodi hujagusa. Mtu akikuona atakwambia mashine imezeeka, ama imeshikwa na virusi. Inawezekana. Lakini mara nyingi mashine iko sawa kabisa, inafanya tu kazi iliyoagizwa na mtu mwingine.

Hoja yangu ni hii: programu zinazofanya kazi nyuma, zile huzioni kwa skrini, hazijawahi kuwa za bure. Tangu siku ya kwanza kuna mtu alikuwa analipia. Kitu kimebadilika kwa miaka sitini na kitu ni nani analipa, na kama anajua analipa. Na ukiifuata hiyo historia utaona kwamba msee wa Kanamkemer anafanana sana na watu wa mwanzo kabisa, kuliko wale wa katikati.

Wakati kila dakika ilikuwa na bei

Mwishoni mwa miaka ya 1950, kompyuta ilikuwa inajaza chumba kizima. Uliandika programu yako kwa kadi za kutobolewa, ukampa mhudumu, ukaenda zako. Mashine ilifanya kazi ya mtu mmoja mpaka iishe, ndiyo ishike ya mwingine. Ukikosea herufi moja, unarudi mwisho wa laini.

Mwaka wa 1961, kule chuo cha MIT Marekani, kikundi kilichoongozwa na Fernando Corbató kilionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Ujanja wake ulikuwa kugawa muda. Mashine inamhudumia mtu wa kwanza kidogo sana, inaruka kwa wa pili, inaruka kwa wa tatu, inarudi kwa wa kwanza, haraka mpaka kila mmoja anadhani kompyuta ni yake peke yake. Na kila mtu alikuwa na mgao wa muda wake, unahesabiwa.

Kama uliwahi kuingia saiba zile siku za bob moja kwa dakika, hii unaielewa bila kufundishwa. Unakaa, saa inaanza kuhesabu, na hakuna dakika unapoteza. Unaandika barua nyumbani kwa karatasi, ukifika pale ni kuchapa tu. Watu wa MIT walikuwa hivyo hivyo. Mashine ilikuwa ghali, kwa hivyo kila mtu alijua nani anaitumia na kwa kazi gani.

Hapo ndipo programu za nyuma zilipata jina. Mwaka wa 1963 kazi hiyo ya MIT iliingia kwenye mradi ulioitwa Project MAC. Walikuwa na programu ndogo zinazojiendesha zenyewe bila mtu kukaa mbele yake. Mojawapo ya zile za kwanza ilikuwa inanakili mafaili kwenye kanda, yasipotee. Wakaziita daemon. Jina lilitokana na kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, ambaye mwaka wa 1867 aliwazia kajitu kadogo kanakaa mlangoni kakichambua chembe za hewa, za mbio huku, za polepole kule, bila kuchoka. Sisi tungekaita jini. Sio jini la kukupagawa, bali lile la kutumwa. Unalituma, linafanya, hulioni.

Shika hapo: jini wa kutumwa. Swali la historia yote iliyobaki ni nani anamtuma.

Adabu ya Unix

Mwaka wa 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs walianza kutengeneza Unix. Unix ndiyo iliweka huu mchezo wazi. Ukiandika amri halafu uweke alama ya & mwishoni, kazi inaenda nyuma na wewe unaendelea na mengine. Amri ya ps inakuonyesha kazi zote zinazoendelea. Amri ya kill inasimamisha moja. Lakini mimi napenda zaidi nice. Hiyo inaambia kazi yako: tulia, waachie wengine nafasi, wewe fanya wakati mashine haina shughuli nyingi.

Fikiria hilo. Kwa sababu mashine ilikuwa ya watu wengi, kulikuwa na amri ya adabu. Ukianzisha kazi nzito mchana na usitumie nice, wenzako walikuona mtu asiye na heshima. Programu ya nyuma ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na majirani.

Ikaingia nyumbani, adabu ikabaki mlangoni

Halafu kompyuta ikawa ya mtu mmoja. IBM ilitoa PC yake mwaka wa 1981, ikiwa na mfumo wa DOS uliofanya programu moja tu kwa wakati. Ikikwama, unabonyeza Ctrl, Alt na Delete, vitufe vitatu ambavyo injinia wa IBM, David Bradley, aliviunganisha ili kuwasha mashine upya.

Lakini watu walitaka zaidi ya programu moja, kwa hivyo wajanja wakapata njia: programu inajifunga lakini inabaki imejificha kwa memori. SideKick ya mwaka wa 1984 ilikuwa hivyo. Ukibonyeza vitufe fulani, kalenda na kikokotoo vinaruka juu ya kazi yako. Watu walifurahi sana. Mwaka wa 1986, ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, walitoa kitu kinachoitwa Brain, moja ya virusi vya kwanza vya PC. Kilifanya nini? Kilibaki kimejificha kwa memori. Njia ilikuwa ile ile. Tofauti kati ya msaidizi na mwizi ilikuwa ni ruhusa tu.

Windows 95 ilipotoka Agosti 1995, programu nyingi kukimbia pamoja ikawa kitu cha kawaida nyumbani. Na mwaka uliofuata, kwa Windows NT 4.0, kukaja chombo ambacho hadi leo ndicho ninawaambia mkifungue: Task Manager. Kilianza kama kazi ya nyumbani ya Dave Plummer, mwandishi wa programu wa Microsoft, kabla kampuni haijakiweka ndani ya Windows. Yaani hata mtu wa ndani ya kampuni alihitaji dirisha la kuona ni nini kinaendelea ndani ya mashine yake.

Na sisi tulikuwa wapi?

Hapa ndipo historia inakuwa yetu. Wakati hizi kanuni zinawekwa, huku kompyuta ilikuwa kitu cha serikali na makampuni makubwa. Majirani zetu Tanzania mwaka wa 1974 hata walipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kebo ya SEACOM ilifika Mombasa mwaka wa 2009. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Na Lodwar kwa miaka mingi tulikuwa nje ya gridi ya taifa kabisa, stima ikitoka kwa jenereta za dizeli.

Kwa hivyo kompyuta ilipofika kwa meza zetu, mara nyingi ikiwa ex-UK ya mtumba, ilikuja na tabia ilizofundishwa kwingine. Imefundishwa kwamba intaneti haiishi. Imefundishwa kwamba stima iko kila saa. Imefundishwa kwamba chumba kina baridi.

Ushahidi? Julai 2015 Microsoft ilitoa Windows 10, bure kwa mwaka mzima. Mashine nyingi zikaanza kupakua giga kadhaa kimyakimya, hata za watu ambao hawakuwa wameomba. Juu ya hiyo, Windows 10 ilikuja ikiwa imewashwa kitu kinachotumia intaneti yako kutuma vipande vya apdeti kwa kompyuta za watu wengine huko nje. Kwa mtu wa intaneti isiyoisha, hiyo ni ukarimu. Kwa mtu wa bando, ni mtu kuchota maji kwa mtungi wako na kuwapa watu usiowajua.

Mwaka wa 2016 ikasikika kilio kutoka hifadhi ya Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako watu wanalinda wanyama dhidi ya majangili. Laptopu zao, zilizounganishwa na intaneti ya setilaiti ya bei kali, zilikuwa zinajipakulia Windows 10. Mwaka huo huo mwanamke mmoja wa California alilipwa na Microsoft dola 10,000 baada ya kwenda kortini kuhusu Windows 10 iliyojiweka na kuharibu kompyuta yake ya biashara. Kwa hivyo usiambiwe ni ushamba wako.

Tovuti nazo zikajifunza. Kati ya 2017 na 2019 kulikuwa na Coinhive, msimbo ambao mwenye tovuti anauweka kwa ukurasa wake. Ukifungua ukurasa, prosesa yako inaanza kumchimbia sarafu za kidijitali. Stima yako, pesa zake. Jini limebadilisha mwenyewe kabisa.

Joto nalo linalipwa

Lodwar, nyuzi 35 mchana ni hali ya kawaida. Prosesa ikifanya kazi inatoa joto, na ikipata joto sana inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Kwa hivyo programu tano zisizo na maana hapa kwetu zinaumiza kuliko Nairobi: zinapasha mashine, mashine inapunguza kasi, na ile kazi yako ya kweli inakwama. Feni inavuta vumbi, betri inaisha.

Wenye wanajenga huku wakifikiria huku wanajua hili. Kampasi ya Startup Lions kwenye ufuo wa Ziwa Turkana, iliyochorwa na Francis Kéré wa Burkina Faso na kukamilika mwaka wa 2021, ina minara mirefu kama vichuguu vya mchwa. Minara inavuta hewa moto ipande juu itoke, watu na kompyuta wabaki na nafuu. Yaani badala ya kudhani chumba kina baridi, mtu aliangalia mchwa wa Turkana wanafanyaje.

Sasa, kuua zote? Hapana

Najua kuna wale watafungua Task Manager leo wazime kila kitu. Tulieni. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kikifunga mafaili ya watu na kudai pesa. Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake Machi mwaka huo. Wengi walioumia ni wale hawakuwa wameweka apdeti. Kwa hivyo apdeti sio adui, na antivairasi inayokula prosesa kidogo haipotezi bure. Kuna majini ya kulinda nyumba.

Rudi kwa zile kanuni za 1961. Kwanza, jua nani yuko. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, panga orodha kwa prosesa, halafu memori, halafu mtandao. Ukiona jina hulijui, litafute kabla hujalizima. Pili, punguza zinazoamka na mashine: kwenye Task Manager hiyo hiyo kuna orodha ya programu zinazoanza ukiwasha. Zima za kuchati, za michezo, za printa uliyouza. Tatu, iambie mashine ukweli kuhusu intaneti yako. Kwa mipangilio ya mtandao kuna swichi imeandikwa metered connection. Ukiiwasha, Windows inajua unalipia kwa kipimo, na apdeti nyingi zinasubiri. Halafu siku uko kwa waifai ya chuo ama ya ofisi, izime, acha apdeti ziingie zote. Nne, funga zile tabu za Chrome. Tangu ilipotoka mwaka wa 2008, Chrome inaendesha kurasa kama michakato tofauti, kwa hivyo tabu arobaini kweli ni tabu.

Na ukiwa na ex-UK ya zamani, kumbuka apdeti za kawaida za bure za Windows 10 ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za umri huo Windows 11 haizikubali. Linux nyepesi ni njia nzuri ya kutokea, na ndani yake utakuta ps, kill na nice bado zinakungoja.

Watu husema huku tuko nyuma kwa teknolojia. Mimi naona kinyume. Kijana wa Kanamkemer anayehesabu bando, anayechunga betri na kuangalia feni, anafikiria kama wale walioanzisha mambo haya, kwa sababu kwake mashine bado ina bei. Waliosahau ni wale wa katikati, waliopata stima na intaneti bila kuhesabu, wakatuandikia programu kwa mazoea yao. Wewe usiyachukue mazoea yao pamoja na laptopu yao. Jini likifanya kazi kwa mashine yako, liwe ni wewe umelituma.