Siku Moja ya Kuwahesabu Wanawake Katika Habari

Jumatano, tarehe 18 Januari 1995, watu wa kujitolea katika nchi 71 waliketi na magazeti ya siku hiyo, redio na televisheni zikiwa wazi, fomu mkononi. Kila habari waliipima kwa maswali yale yale: inamhusu nani, nani kahojiwa na kwa nafasi gani, nani kaiandika au kuisoma. Hesabu zilipojumlishwa, katika kila watu 100 waliozungumziwa au kuhojiwa, wanawake walikuwa 17.

Malalamiko kwamba wanawake hawaonekani katika habari yalikuwa ya zamani. Mwaka 1978 mwanasosholojia wa Marekani, Gaye Tuchman, alikwishaandika kwamba vyombo vya habari humfuta mwanamke: ama havimwonyeshi kabisa, ama humdharau na kumfanya kitu kidogo. Lakini hoja ya aina hiyo mhariri aliweza kuikwepa kirahisi kwa kutoa mfano wa mwanamke mmoja aliyetokea ukurasa wa mbele juma lililopita. Ndiyo maana wanawake wanahabari na watafiti waliokutana Bangkok mwaka 1994 walitaka takwimu. Naamini huo ndio uamuzi wenye busara kubwa kuliko yote katika historia hii, kwa sababu mfano mmoja haushindi hesabu ya nchi 71.

Siku ile ilifichua jambo jingine, na hili ndilo linalouma zaidi. Watangazaji na waandishi wanawake walikuwa asilimia 43. Sauti za wanawake zilisikika, basi, lakini nyingi zilikuwa zikisoma habari za wanaume. Kumbe kuajiri waandishi wa kike peke yake hakutoshi. Mwandishi, awe mwanamke au mwanamume, hutumwa bungeni, polisi, kwenye mikutano ya mawaziri na wakuu wa mashirika, na huko humkuta yule aliyekwisha kukalia kiti. Mwanamke alipohojiwa, mara nyingi ni kwa kuwa amefiwa, amepigwa au nyumba yake imesombwa na maji. Mwanamume ndiye aliyeitwa kueleza kwa nini mafuriko yametokea.

Matokeo yalifika Beijing Septemba mwaka huohuo, kwenye Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella. Vyombo vya habari viliingizwa miongoni mwa maeneo 12 ya kushughulikiwa katika Mpango wa Utekelezaji wa Beijing. Serikali zikawa zimekiri kwamba sura ya mwanamke gazetini ni suala la haki.

Hesabu hiyo imeendelea kurudiwa kila baada ya miaka mitano, chini ya uratibu wa shirika la kimataifa la mawasiliano, WACC. Mwaka 2005 wanawake walifika asilimia 21, na mwaka 2010 asilimia 24. Mwaka 2015 hawakusogea hata kidogo. Korona iliahirisha hesabu ya 2020 hadi Septemba, na nchi 116 zilizoshiriki zikapata asilimia 25. Hiyo ni nyongeza ya pointi nane kwa robo karne. Hata katika mwaka huo ambao dunia nzima ilikuwa ikisikiliza wataalamu wa afya, huku wanawake wakiwa ndio wengi katika kazi ya afya duniani, kati ya wataalamu 100 waliohojiwa katika habari za kila aina, wanawake walikuwa 24.