Je, nondo hukumbuka yaliyompata alipokuwa kiwavi?

Vituo viwili vya utafiti katika eneo la jiji la Washington, nchini Marekani, vimechunguza swali moja na kupata majibu yasiyolingana. Je, nondo anayechomoza kutoka kwenye ganda lake ni yule yule aliyeingia akiwa kiwavi, au ni kiumbe kipya asiyekumbuka lolote?

Nondo ni jamaa wa kipepeo, na wengi wao huruka usiku. Maisha yake yana hatua nne: yai, kiwavi, pupa na mdudu kamili. Kazi ya kiwavi ni kula. Kiwavi wa tumbaku, ambaye wanasayansi humwita Manduca sexta, huongeza uzito wake takriban mara elfu kumi katika muda wa wiki tatu hivi.

Ganda na kifukofuko

Wengi hudhani kwamba kila nondo hujifumia kifukofuko. Sivyo. Kifukofuko ni nyumba ya hariri ambayo kiwavi huijenga kwa uzi unaotoka mdomoni mwake, ilhali pupa ni mdudu mwenyewe, aliyejifunika ganda gumu. Kiwavi wa tumbaku hana kifukofuko. Huteremka kutoka kwenye mmea, hujichimbia udongoni na kugeuka pupa humo. Nondo wa luna, mwenye rangi ya kijani iliyopauka, anayepatikana katika misitu ya Maryland na Virginia, yeye hujizungushia hariri na majani.

Amri ya kugeuka hutolewa na homoni. Mwaka 1954 wanasayansi wa Kijerumani Adolf Butenandt na Peter Karlson walifaulu kuitenga mojawapo, iitwayo ekdisoni. Iliwabidi kutumia kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri ili kupata miligramu 25 tu. Homoni hiyo inapopanda, huku ile inayomdumisha mdudu katika utoto ikiwa imepungua, kiwavi huacha kula. Misuli yake mingi huyeyushwa, na vikundi maalumu vya seli hukua na kuwa mbawa, miguu mirefu na macho makubwa. Ubongo hauyeyuki wote, bali hupangwa upya.

Siku ya kutoka inapowadia, ganda la pupa hupasuka karibu na kichwa. Aliyemo ndani ya kifukofuko ana kizuizi cha pili. Nondo aitwaye polyphemus, ambaye pia huishi katika eneo la Washington, hutoa majimaji yenye kimeng'enya kinachoilainisha hariri, kisha hujisukuma nje. Mbawa zake huwa ndogo na zimekunjamana. Hutafuta mahali pa kuning'inia, husukuma majimaji ya mwili katika mishipa ya mbawa, nazo hutanuka na kukauka. Akikosa nafasi ya kuzitanua kabla hazijakauka, hataruka kamwe. Nondo wa luna hana hata kinywa cha kulia. Huishi kwa muda wa wiki moja hivi kwa akiba aliyojiwekea alipokuwa kiwavi.

Jaribio la Georgetown

Mwezi Machi mwaka 2008, Martha Weiss wa Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, pamoja na Douglas Blackiston na Elena Silva Casey, walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Waliwanusisha viwavi wa tumbaku kemikali iitwayo ethili asetati, yenye harufu kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, na papo hapo wakawapa mshtuko mdogo wa umeme. Kisha viwavi hao waliwekwa katika bomba lenye umbo la herufi Y, upande mmoja ukiwa na harufu hiyo na upande wa pili hewa safi. Wengi walikwepa harufu. Walipojaribiwa tena wakiwa nondo, takriban asilimia 77 walichagua hewa safi.

Je, haikuwezekana kwamba mabaki ya kemikali yalinata kwenye ganda? Watafiti waliwaosha pupa wa kundi moja, na wakawapaka kemikali hiyo pupa wengine ambao hawakufunzwa. Waliooshwa waliendelea kuikwepa harufu, na waliopakwa hawakuikwepa. Hata hivyo, viwavi waliofunzwa wakiwa wachanga zaidi, katika hatua ya tatu ya ukuaji, walikuwa wamesahau walipofikia unondo.

Jibu kutoka Ashburn

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa James Truman, Tzumin Lee na wenzao kutoka kituo cha Janelia kilichoko Ashburn, Virginia, magharibi mwa Washington. Wao walifuatilia neva za inzi wa matunda, ambaye naye hupitia hatua ya pupa, katika sehemu ya ubongo inayohifadhi mafunzo. Waliona kwamba viunganisho vya utotoni huvunjwa na neva kadhaa hupewa kazi nyingine. Hawakuona njia iliyosalia ya kuvusha kumbukumbu hadi utu uzima.

Tafiti hizo mbili hazifutani. Inzi si nondo. Tena Georgetown ilipima tabia ya mdudu mzima, ilhali Ashburn iliangalia neva zake.

Maana yake kwa mkulima

Suala hili haliishii maabara. Viwavijeshi wanaoshambulia mahindi Afrika Mashariki, wakiwemo wale vamizi walioripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, nao hugeuka pupa udongoni. Mkulima anayeona wametoweka ghafla asidhani wamekufa. Baada ya wiki moja au mbili hivi wanaweza kurejea wakiwa nondo, tayari kutaga. Kwa mujibu wa Weiss na wenzake, kumbukumbu ya ukiwavi huenda ikamwongoza nondo jike kutaga mayai kwenye aina ya mmea aliokulia mwenyewe.