Historia ya kwetu, sehemu ya 4: Maji ya usiku

Nimetoka zamu sasa hivi, na joto la leo hapa Same mnalijua wenyewe. Tuendelee.

Wengi mliniuliza kwa nini wazee walijenga mji mahali pakavu hivi. Jamani, wazee hawakuujenga! Wao walikaa juu, Chome, Vudee, Mbaga, kwenye mvua na migomba. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilipita huku chini ikafika Moshi mwaka 1911, baadaye Waingereza wakaweka boma. Mji ukafuata stesheni na ofisi, sio maji. Hata mwaka 1945, maelfu waliogomea kodi ya mbiru walishuka Same kwa sababu bwana shauri alikuwa hapa. Upande huu mlima unatukinga na pepo za mvua za baharini, na kwa kawaida mvua ya mwaka haifiki milimita 600.

Sasa ona akili ya wazee. Kijito kidogo ukikiachia mchana kwenye mfereji, udongo unakinywa kabla hakijafika shambani. Kwa hiyo walichimba ndiva, bwawa dogo kwenye kichwa cha mfereji. Jioni tundu linazibwa, maji yanajikusanya usiku kucha. Asubuhi mwenye zamu anazibua, yanashuka kwa nguvu mpaka shamba la mwisho. (Ndiyo, hata maji yalikuwa na zamu. Sisi manesi tunawaelewa kabisa.) Ndiva zilikuwa za koo, siku hizi ziko chini ya kamati, na tope linatolewa kwa msaragambo.

Huku mjini hatukuchimba chochote. Tukasubiri bomba, tukanunua madumu.

Kuna mtoto sijamsahau, wa mwaka na nusu. Kuhara siku ya pili, macho yamezama, ngozi ukiifinya inarudi polepole. Nikamwelekeza mama yake: pakiti moja ya ORS, lita moja ya maji safi na salama. Akaniangalia. "Dada nesi, ya kutoka wapi?" Siku hiyo hata bomba la wodini lilikuwa kavu. Nilimpa ya kwenye chupa yangu. Mtoto alipona, ila lile swali nilirudi nalo nyumbani.

Machi 2025 ulizinduliwa mradi wa kuleta maji kutoka Nyumba ya Mungu, baada ya kusubiri zaidi ya miaka 10. Nashukuru, sitanii. Ila bwawa lile linajazwa na Kikuletwa na Ruvu. Ruvu inatoka ziwa Jipe, na Jipe inapokea vijito vya Ugweno. Anayekata msitu kule juu anakata bomba la huku chini.

Na mabati yetu je? Piga hesabu: paa la mita 6 kwa 10, mvua ya milimita 500 tu, ni lita 30,000. Hayo ni madumu 1,500 ya lita 20, yanaanguka bure, yanachimba barabara, yanaishia korongoni. Kwa maoni yangu, halmashauri isipitishe ramani ya nyumba isiyo na tenki.

Mwenye nyumba wangu anasema gata ni mapambo. Basi nimenunua mwenyewe, fundi anakuja Jumamosi.