Doa la kijani kwenye kioo: vita vya Kolwezi, sumaku za spika na mafundi wa Mtwara

Mwaka 2024 televisheni ya Tanzania Bara ilitimiza miaka 30, ukihesabu kuanzia ITV na vituo wenzake vya 1994. Historia hiyo ikisimuliwa, wanaotajwa ni wenye vituo na watangazaji. Wapo wengine wanaostahili kutajwa: mafundi spika wa Mtwara, waliohangaika miaka na miaka na doa la rangi lililokuwa likijitokeza pembeni mwa kioo, na wakalipatia dawa.

Aliyewahi kumiliki TV ya chogo analijua doa hilo. Korosho imelipa, televisheni imenunuliwa, imewekwa sebuleni katikati ya maboksi mawili ya spika yaliyochongwa na seremala wa mtaani. Unawasha, na msoma taarifa ya habari ana shavu moja la kijani na jingine la zambarau. Wengine walirudi dukani kudai kwamba wameuziwa mtumba. Televisheni ilikuwa nzima. Ubaya ulikuwa ndani ya yale maboksi.

Hatua kubwa zinajulikana. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Uganda 1963, Zanzibar 1973, na ya Zanzibar ilikuwa ya rangi tangu mwanzo. Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa ni anasa ya wachache na haikuiruhusu. Mwenye kutaka kusoma mkondo mzima wa vyombo vya habari nchini akitafute kitabu cha Martin Sturmer, ambacho kilipigwa chapa mwaka 1998 huku huku kusini, Ndanda Mission Press.

Kuchelewa huko kulikuwa na matokeo ambayo mafundi ndio waliyabeba. Nairobi na Kampala zilianza na picha nyeusi na nyeupe, na kioo cha namna hiyo kikisogezewa sumaku hupinda picha kidogo tu. Kwetu spika zilitangulia kwa miongo mingi, tangu enzi za redio za mbao, na televisheni ilipokuja ilikuwa na rangi tayari. Vikakutana sebule moja bila mtu yeyote kuonywa.

Ndani ya kioo cha chogo kuna miale mitatu ya elektroni inayorushwa kutoka nyuma. Mbele yake lipo bamba jembamba la chuma lenye matundu madogo mno, na nyuma ya kioo zimepangwa nukta nyekundu, kijani na bluu. Kila mwale una nukta zake. Sumaku ikiwa karibu huusukuma mwale pembeni kwa sehemu ndogo ya milimita, nao hutua kwenye nukta ya jirani. Ubaya zaidi ni kwamba lile bamba lenyewe hushika usumaku, kwa hiyo spika ikiondolewa doa hubaki.

Fundi mmoja mkongwe wa Chikongola, hapa mjini Mtwara, ambaye hakupenda jina lake liandikwe, anashikilia kwamba spika za zamani hazikuwa na shida hii, na kwamba nyingi mpya ndizo zilizoiharibu rangi. Nilidhani ni mazoea ya wazee kusifia vya kale. Nilipofuatilia nikakuta yuko sahihi, na sababu yake inatufikisha Kolwezi, katika Kongo ya Waswahili wenzetu wa Katanga.

Spika nyingi nzuri za zamani zilitumia sumaku ya alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Katika aina iliyopendwa zaidi, karibu robo yake ilikuwa kobalti. Sumaku hiyo ilikuwa kipande kirefu kilichokaa katikati, kikazungukwa na chungu cha chuma, na chuma hicho kiliuzuia usumaku usivuje nje. Hakuna aliyekuwa anaifikiria televisheni. Umbo lenyewe ndilo lililokuwa kinga.

Mei 13, 1978, waasi wa Kikongo wa FNLC waliotokea Angola waliiteka Kolwezi, mji wa migodi katika jimbo la Katanga, ambalo Rais Mobutu alikuwa ameliita Shaba. Mei 19 askari wa miamvuli wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa wakashushwa. Watu wengi waliuawa na mafundi wa kigeni wa migodini wakakimbia. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kobalti, na hofu ikalishika soko. Bei rasmi ilikuwa chini ya dola 7 kwa ratili. Mwaka uliofuata ikafika dola 25, na kwa wanaonunua nje ya mikataba ikapita dola 40. Viwanda vya spika vilivyokuwa bado vinaing'ang'ania alniko, JBL ya Marekani ikiwa mojawapo, vikaiacha.

Mbadala ulikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Philips ya Uholanzi ilikuwa imetengeneza feraiti, sumaku ya unga wa oksidi ya chuma unaochomwa tanuruni kama chungu. Ni rahisi, haina kobalti, na redio za bei nafuu zilishaizoea. Lakini huwa bapa na pana, nayo hukaa nje kama pete nyuma ya spika, haina chuma cha kuizunguka. Usumaku wake huvuja kila upande. Hivyo risasi za Kolwezi zikachangia doa la kijani la Mtwara.

Tiba ndiyo iliyowagawa mafundi. Wako waliofunika sumaku kwa kopo la chuma basi. Fundi wangu wa Chikongola anaona hiyo ni dhuluma kwa spika. Kopo likigusa mabamba ya mbele na ya nyuma ya spika hunywa usumaku uliotakiwa upite penye koili ya sauti, na sauti hufifia. Kopo la maziwa ya unga ndilo baya zaidi: ni jembamba mno, hujaa usumaku upesi na unaobaki hupenya. Njia yake ni kuchukua sumaku ya spika iliyoungua, kuigeuzageuza mpaka aupate upande unaosukumana na sumaku ya spika nzima, kisha kuigundisha mgongoni kwa nguvu na kuikandamiza kwa kitu kizito mpaka gundi ikauke. Sumaku mbili zikipingana, uvujaji wa nje hupungua sana, na koili haipotezi kitu.

Kambi ya kopo hujibu kwamba sumaku ya pili haimalizi kazi, kwani pembeni bado panavuja. Nao wana haki. Spika za kiwandani zilizouzwa kwa ajili ya televisheni zilikuwa na vyote viwili: sumaku ya kupinga, na juu yake kikombe cha chuma kinene. Hata hivyo aliyelazimika kuchagua kimoja, ninaona mzee wa Chikongola alimshauri vizuri zaidi. Karatasi ya alumini na ubao mnene, ambavyo watu walivijaribu sana, havizuii lolote. Dawa isiyo na gharama ilikuwa kusogeza: umbali ukiwa mara mbili, nguvu ya sumaku hubaki takriban sehemu ya nane. Lakini sebule nyingi za Chikongola na Magomeni hazina nafasi ya kusogezea kitu.

Umeme nao ulikuwa na lake. Ndani ya TV ya rangi mna koili inayofuta usumaku kila inapowashwa, lakini hufanya kazi vizuri ikiwa seti imepoa. Umeme ukikatika na kurudi mara hiyo hiyo, koili haifui dafu na doa hukaa. Mambo yalianza kubadilika gesi ya Mnazi Bay ilipoanza kuzalisha umeme mjini, mwaka 2007 hivi, na daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003 lilikuwa limeshafungua njia ya bidhaa kutoka Dar es Salaam. Televisheni zilipoongezeka, kazi za mafundi nazo ziliongezeka kwa kasi.

Baada ya hapo habari ni fupi. TV bapa zikaingia, nazo hazina miale ya kupotoshwa. Sabufa za kiwandani zikafuata.

Kinachoniuma ni kwamba chogo zinauzwa kama chuma chakavu, shaba ya koili inachunwa, na boksi la mninga lenye spika ya sumaku mbili linakwenda kuni. Mtwara ina makumbusho ya MaKuYa, yanayotunza vya Wamakonde, Wamakua na Wayao. Ningependa kuona humo boksi moja la namna hiyo, limefunguliwa mgongo, na jina la fundi aliyeligundisha likiandikwa ubavuni, kama atakubali mwenyewe. Mzee wa Chikongola bado anayo mawili, na ameniambia hayauzi.