Jembe jepesi kwa udongo mgumu: mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Kati ya Septemba na Oktoba, kabla ya mvua ya vuli kuanza, bustani nyingi za mji wa Wote na viunga vyake huwa zimekauka na kuwa ngumu mithili ya sakafu. Hata hivyo, huo ndio wakati ambapo mkulima wa Makueni hana budi kuchimba. Ukambani hutegemea mvua ya vuli kuliko ile ya Machi hadi Mei, na kwa kuwa mvua yenyewe hunyesha kwa wiki chache tu, anayengoja udongo ulainike ndipo aanze kulima hupoteza maji ya siku za kwanza. Mara nyingi maji hayo ndiyo huamua iwapo kunde na mahindi yatafika mavunoni. Mwenye plau na ng'ombe wenye nguvu hujikwamua. Asiye navyo, hasa mwanamke au mzee anayelima kipande cha mboga karibu na nyumba, hutegemea mikono yake, na hapo uteuzi wa jembe huwa si jambo dogo.

Ugumu huo una sababu. Sehemu kubwa ya udongo wa Makueni ni mwekundu, wenye madini ya chuma na mboji kidogo. Matone ya mvua yanapoupiga ukiwa wazi, chembechembe zake huvunjika na kuziba vinyweleo vya juu. Jua likiwaka, tabaka hilo hukauka na kuwa gamba. Chini yake, katika mashamba yaliyolimwa kwa plau miaka mingi kwa kina kile kile, aghalabu huwapo tabaka jingine lililoshindiliwa, sentimita 10 hadi 20 kutoka juu. Zana ifaayo basi ni ile inayoweza kupasua gamba la juu na, ikibidi, kulifikia tabaka la chini, bila kumchosha mchimbaji kabla ya saa tatu asubuhi.

Wengi huingia dukani wakiamini kwamba udongo mgumu huhitaji jembe zito. Dhana hiyo ni kweli nusu. Uzito husaidia jembe linapoteremka, lakini kila pigo hutanguliwa na kuliinua. Anayepiga mara 20 kwa dakika huliinua jembe lake mara 1,200 kwa saa. Majembe mawili yakipishana kwa nusu kilo tu, mwenye lile zito atakuwa ameinua kilo 600 zaidi katika saa hiyo moja, na hizo hazikuchimba lolote: zilikwenda juu na kurudi. Kwa upande mwingine, jembe jepesi kupita kiasi hudunda juu ya gamba na kuitikisa mikono. Kwa mtu wa nguvu za kadiri, kichwa cha jembe cha kilo moja hadi kilo moja na nusu, bila mpini, hutosha kwa kazi nyingi za bustani.

Lililo muhimu kuliko uzito ni upana. Nguvu ya pigo hugawanywa katika urefu wote wa makali yanayougusa udongo. Jembe la kawaida lenye makali ya sentimita 20 hivi ni zuri kwa kupalilia na kuvuta udongo uliokwisha kulainika, lakini katika ardhi kavu huishia kukwaruza. Likipunguzwa hadi sentimita 10, pigo lile lile huwa na shinikizo maradufu. Yamkini hii ndiyo siri ya yale majembe makuukuu yaliyolika pembe ambayo wazee wengi hukataa kuyatupa: yamekuwa membamba na mepesi kwa pamoja.

Kwa mantiki hiyo, chaguo la kwanza kwa bustani ya Wote ni jembe la meno. Meno yake matatu au manne hugusa udongo mahali padogo sana, hupenya kati ya mawe madogo badala ya kugonga juu yake, na huinua mabonge bila kuyageuza yote. Pia hung'oa sangari pamoja na mizizi yake, ilhali jembe bapa huikata vipande ambavyo huchipuka upya. Udhaifu wake ni kwamba haliwezi kukusanya udongo, kwa hivyo anayechimba mashimo ya miembe au ya zai atahitaji chombo cha pili cha kuutolea nje.

Sururu, hasa ile yenye ncha upande mmoja na bapa jembamba upande wa pili, haina mshindani katika kuvunja tabaka la chini. Tatizo lake ni uzito. Zile za ujenzi wa barabara hazimfai mkulima wa bustani. Zipo ndogo, na ndizo za kutafutwa. Mtaimbo ni wa mawe na mashimo ya nguzo. Sepetu si chombo cha kuchimbia ardhi kavu hata kidogo, bali cha kutupia udongo uliokwisha kuvunjwa, kama wajuavyo wote waliowahi kuchimba matuta ya fanya juu yaliyoenea katika vilima vya Machakos na Makueni tangu miaka ya 1950. Miiko midogo ya bustani inayouzwa pamoja na vyungu vya maua hupinda siku ya kwanza.

Utafiti wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya IFAD na FAO uliochapishwa mwaka wa 1998, na ambao ulihusisha nchi tano ikiwamo Uganda, ulionyesha kwamba zana za mkono barani Afrika hutengenezwa bila kuwafikiria wanawake, licha ya wao kuwa watumiaji wakuu. Mnunuzi wa Wote anaweza kujitetea kwa njia rahisi: aliinue jembe dukani kwa mkono mmoja, aliyumbishe, na asione haya kuomba jingine.

Mpini hupuuzwa mno. Mfupi humlazimu mchimbaji kuinama mpaka mgongo ulalamike. Unaofika kifuani unapousimamisha ardhini humwezesha kufanya kazi akiwa ameinama kidogo tu. Miti ya kienyeji kama mkole na ule ambao Wakamba huuita muuku hutoa mipini imara. Ukatwe mapema na kukaushwa kivulini kwa wiki kadhaa, kwani mti mbichi ni mzito na husinyaa ukishatiwa jembeni. Desturi ya kulitumbukiza jembe ndani ya ndoo ili mpini ufure ni nafuu ya siku mbili. Ukikauka tena hulegea kuliko awali, na kichwa kinachochomoka hewani kinaweza kumjeruhi mtu.

Kuhusu chuma, majembe ya mafundi wa jua kali yaliyofuliwa kwa springi za gari kuukuu aghalabu hushika makali vizuri kuliko yale ya bati nene la bei nafuu. Jambo la kukagua ni mahali tundu la mpini lilipounganishwa na bapa. Likiwa limechomelewa, tafuta ufa. Kisha lining'inize na kuligonga kwa msumari. Likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti butu liache. Jembe jipya mara nyingi huuzwa likiwa butu, kwa hivyo tupa ndogo inunuliwe siku hiyo hiyo, na makali yanolewe upande mmoja.

Na kuna msaidizi ambaye hauzwi katika duka la zana. Mtungi wa lita 20 ukimwagwa polepole juu ya mita moja mraba ni sawa na mvua ya milimita 20, na ukiachwa usiku kucha hulainisha udongo mkavu kwa takriban kina cha jembe. Katika mji ambako maji hununuliwa kwa mtungi, hakuna atakayemwagia shamba zima. Lakini maji yaliyokwisha kuoshea mboga au vyombo, yakimwagwa jioni juu ya kitalu kitakachochimbwa kesho na kufunikwa kwa nyasi kavu, humwezesha hata mwenye jembe la kilo moja kumaliza kitalu hicho kabla jua halijawa kali.